Giselle mbili, Jumamosi mbili: nani alicheza kweli?

Mshika Projekta (mwanzisha uzi)

Wandugu, habari za huko mliko. Huku Lubumbashi baridi ya mwezi wa sita imeshaingia, asubuhi ukifungua kinywa unatoa mvuke kama umevuta sigara. Jioni watu wanatafuta pa kujibanza, na nadhani ndiyo maana sale yetu ya Kamalondo ilijaa Jumamosi mbili mfululizo kwa ajili ya kitu ambacho sikutegemea: baleti.

Mimi ndiye niliyeshika projekta. Mashuka mawili yameshonwa pamoja, spika mbili za kuazima, viti vya plastiki, benchi za watoto mbele. Kijana anayefundisha dansi pale alileta diski mbili za Giselle, zote za Royal Ballet, kundi kubwa la baleti la London. Mpango wa jukwaa ni uleule wa mpangaji ngoma Peter Wright wa mwaka 1985, nguo zilezile, msitu uleule. Kilichobadilika ni watu. Jumamosi ya kwanza tuliweka ile iliyorekodiwa 2014: Natalia Osipova ni Giselle, Carlos Acosta ni Albrecht. Jumamosi iliyofuata ile ya 2016: Marianela Núñez na Vadim Muntagirov.

Kwa ambao hawakufika: Giselle ni binti wa kijijini, moyo wake mgonjwa, na anapenda kucheza kuliko kula. Kijana anayejiita Loys anamtongoza, kumbe ni mtawala Albrecht aliyevaa nguo za mkulima, na ana mchumba wa ukoo mkubwa, Bathilde. Hilarion, mlinzi wa msitu, anampenda Giselle bila kupendwa. Anaugundua upanga wa Albrecht uliofichwa na kumuumbua mbele ya watu wote. Giselle anarukwa na akili, anakufa. Sehemu ya pili ni usiku msituni. Wili, mizuka ya mabinti waliokufa kabla ya harusi, wakiongozwa na malkia wao Myrtha, wanamchezesha kila mwanaume wanayemkamata mpaka roho imtoke. Hilarion anakwenda hivyo. Albrecht anapona kwa sababu Giselle, akiwa tayari mzuka, anamkinga mpaka alfajiri.

Sasa, mtu aliye nyuma ya mashine haoni shuka tu, anaona na visogo vya watu. Usiku wa Osipova sale ilikuwa kama uwanja wa mpira: miluzi, simu juu, vijana wamesimama. Usiku wa Núñez, kuanzia pale Giselle anapopoteza akili, nilichokisikia ni kwamba watu waliacha kumenya karanga. Wale mama wa mstari wa tatu walikuwa wakivunja maganda tangu mwanzo, kra, kra, kra, halafu kimya. Mmoja akasema taratibu, Giselle nywele zilipomwagika mabegani: «Sasa zimefunguka, hapa hakuna kurudi.»

Kura yangu ni kwa Núñez. Nipigeni mawe.

Kijana wa Ruashi

Yaya, unahesabu karanga badala ya kuangalia miguu!

Tuseme ukweli. Pale sehemu ya pili, Giselle anatoka kaburini, Myrtha anamvua shela, anamwamuru aanze. Osipova akazunguka kwa mguu mmoja kama pia iliyopigwa kamba. Mimi nilidhani wewe ndiye umebonyeza kitufe cha kuharakisha. Halafu mruko. Anapanda, anakaa kule juu, unapata muda wa kumwangalia jirani yako na kumuuliza «unaona?», ndipo anashuka. Huyo dada alianzia kwenye jimnastiki akiwa mtoto, akapitia kundi la Bolshoi la Moscow, akafika Royal Ballet 2013, kwa hiyo miezi michache tu kabla ya rekodi hii. Alikuja na njaa.

Núñez ni mzuri. Lakini mzuka hautakiwi kuwa mzuri, unatakiwa uniogopeshe. Osipova aliniogopesha.

Mama wa Katuba

Bandugu, mi minasema hivi. Ile siku ya kwanza nilikuya na bajukuu. Ule wa kwanza anaruka sana, ni kweli, siwezi kukatala. Lakini mi minaona mutoto eko na nguvu, eko na afya, anaruka kama mbuzi. Sasa huyu atakufa na moyo namna gani? Mama yake analia, anasema usicheze mwanangu, moyo haiko muzuri, naye hata kuhema hahemi!

Ule wa pili, wakati banakaa kwa benchi, anang'oa majani ya ua, ananipenda, hanipendi. Anaona hesabu inakatala. Anaweka mukono hapa kwa kifua. Kidogo tu, kama mutu anatafuta kitambaa yake. Njo pale nilijua: huyu hatamaliza mwezi.

Na ule bwana, mulimuona? Anaiba jani moja kwa siri ili hesabu itoke muzuri. Mwizi wa majani! Mutu anakuibia jani leo, kesho atakuibia nini?

Kijana wa Ruashi

Mama yangu, nimekuheshimu, ila mbuzi umemwonea.

Mwalimu Mstaafu

Naomba niingie kidogo kwenye hilo la moyo, maana Mama wa Katuba ameligusa jambo lenye mzizi.

Watu wengi wanasema Giselle anakufa kwa moyo kupasuka. Lakini katika mpango huu wa Wright anajichoma kwa upanga wa Albrecht, na upangaji huo una sababu: mtu aliyejiua hakuzikwa kwenye makaburi ya kanisa, ndiyo maana kaburi lake liko porini, mahali ambapo Wili wanaweza kumfikia. Ukishalijua hilo, nguvu za Osipova hazipingani tena na hadithi. Yule hafi kwa ugonjwa, anakufa kwa hasira na aibu. Núñez anacheza kama mgonjwa aliyevunjwa, Osipova anacheza kama mtu mzima aliyedanganywa. Ni wasichana wawili tofauti, na mpango wa jukwaa unawapokea wote.

Na samahanini, ualimu hautoki mwilini: baleti hii ilionyeshwa mara ya kwanza Paris tarehe 28 mwezi wa sita 1841. Muziki ni wa Adolphe Adam, hadithi waliiandika Théophile Gautier na Vernoy de Saint-Georges, ngoma zilipangwa na Jean Coralli na Jules Perrot, na Giselle wa kwanza alikuwa Carlotta Grisi. Baadaye Paris wenyewe wakaiacha, tangu 1868. Warusi ndio waliotunza, Marius Petipa akaipanga upya kule Saint Petersburg, na Wafaransa wakaja kuonyeshwa kitu chao wenyewe na kundi la Mrusi Diaghilev mwaka 1910. Kwa hiyo anayesema «hii ndiyo ya asili» amuulize kwanza ni asili ya nani.

Kuhusu kura: sijaamua.

Lupopo Damu

Mnabishana kama mashabiki wa mpira wa Mazembe na sisi wa Lupopo. Wote mmesahau wanaume.

Acosta! Mtoto wa dereva wa lori Havana, wa mwisho kati ya watoto kumi na mmoja, alitaka kuwa mchezaji wa mpira, baba yake akampeleka shule ya baleti kwa nguvu ili mtaa usimmeze. Mwaka 1990 akachukua dhahabu kwenye mashindano ya baleti ya Lausanne. Hao vijana wetu wanaopiga danadana pale kando ya reli wangeambiwa waende kuvaa soksi ndefu za kubana wangekimbia mpaka Kipushi.

Na pale alipotokea kwenye shuka, mimi nilisikia sale nzima ikisema «ah!» kwa sababu mutawala ni mutu mweusi na hakuna mutu kule London anayeshangaa. Anacheza, basi. Aliporekodi hii alikuwa na miaka 40. Kijana Muntagirov miaka ishirini na kitu tu, na tofauti inaonekana, lakini mimi nampa Acosta. Ana uzito wa mwanaume aliyefanya kosa. Muntagirov ni kama mtoto wa shule aliyevunja kioo.

Mshika Projekta

@Lupopo Damu ile «ah!» niliisikia pia. Swali langu: tulimpigia makofi kwa alichocheza au kwa kuwa anafanana na shemeji zetu?

Lupopo Damu

Vyote viwili. Kuna sheria inayokataza?

Mwalimu wa Dansi

Mimi ndiye mwenye diski. Nilitaka kukaa kimya niwasikilize, lakini Lupopo Damu ameniamsha.

Acosta wa 2014 hakuwa tena na mruko wa ujana wake, yeyote aliyemwona kwenye rekodi za zamani anajua. Alichokuwa nacho ni mikono. Mwangalie anapomnyanyua Osipova msituni: huoni anapoanza kumbeba. Kumbeba mtu mwenye nguvu kama yule ni rahisi, anajirusha mwenyewe. Kazi ni kuificha ile nguvu, ili ionekane ameshika hewa. Acosta anaificha. Hilo halipigiwi miluzi.

Muntagirov namtetea. Hebu rudisheni akilini mara anapotua. Spika zile za kuazima zilikuwa zinakoroma hata mtu akikohoa jukwaani, lakini yeye mlimsikia akitua? Mtu mrefu vile. Anashuka kwenye goti kama mtu anayeweka yai. Kuhusu «mtoto wa shule», huo ndio usomaji wake: Albrecht hakukusudia kuua, alikuwa anacheza mchezo wa kitajiri kijijini, na anashtuka mchezo ulipotoa maiti. Unaweza usimpende, ila usiseme hakuigiza.

Na kitu kimoja ambacho sijaona mtu amekitaja hapa mpaka sasa ni kundi. Wale Wili wanapovuka jukwaa kwa mguu mmoja, mwingine umenyooka nyuma, mstari unatoka kulia, mstari unatoka kushoto, wanapenyana katikati kama vitana viwili. Hakuna uso unaotofautiana na mwingine. Mimi ninaofundisha ni watoto kumi na wanne na sijawahi kupata mstari ulionyooka kwa hatua nne.

Mama wa Katuba

Pale mi nilishika mujukuu mukono. Aba habako bantu, ni bapepo. Haiko kucheza tena ile.

Fundi Cherehani wa Kenya

(Kenya ya hapa Lubumbashi, nyie wa mbali msije mkaniuliza habari za Nairobi.)

Mnaongea miguu, hakuna anayeuliza miguu imevaa nini. Mwalimu wa Dansi aliniletea kiatu kimoja kilichokwisha, alipewa na mgeni zamani, cha kushoto, akaniuliza kama naweza kushona mfano wake kwa ajili ya watoto. Nikakiweka mezani nikakipasua kwa wembe. Mimi pia nilidhani mbele kuna mbao, kama wanavyosema watu. Hakuna mbao! Juu ni satini, ndani yake kitambaa cha pamba, halafu tabaka za gunia na karatasi zilizolowekwa gundi mpaka zikawa ngumu kama kibuyu. Chini kuna ulimi mwembamba wa ngozi na kadibodi ngumu unaoshika unyayo. Basi. Jasho la mguu linalainisha ile gundi, na kiatu kinakufa. Mwalimu anasema mchezaji mkubwa anaweza kumaliza jozi kwa onyesho moja.

Ncha ya mbele niliipima kwa kidole gumba. Inaenea kidole gumba na nusu. Sasa rudini sehemu ya kwanza, Giselle anapocheza peke yake mbele ya wageni wa Bathilde: anavuka jukwaa kimshazari, anarukaruka juu ya ile ncha, ya mguu mmoja tu, huku mguu wa pili unachora duara hewani na uso unatabasamu. Juu ya karatasi na gundi.

Tangu nimekipasua sijui tena kumchagua mmoja. Wote wawili nawaombea magoti.

Nguo nazo: mmeona sketi ni ndefu, zinafika katikati ya muundi? Siyo zile fupi za kusimama kama sahani. Kitambaa ni tuli, kile chepesi cha wavu kama cha shela, tabaka juu ya tabaka. Mchezaji akisimama, sketi inaendelea kidogo, inachelewa kutulia. Nusu ya mzuka ni fundi nguo, andikeni hilo.

Kijana wa Ruashi

Fundi, umeweza kushona hicho kiatu au umekiua tu?

Fundi Cherehani wa Kenya

Nimekiua. Satini ninayo, gundi ninayo, lakini sitamweka mtoto wa mtu juu ya kitu nilichokisia. Wavae soksi kwanza.

Mlinzi wa Usiku

Nalinda depo usiku, nimeona ya Jumamosi ya kwanza tu, ya pili nilikuwa zamu. Nimesoma uzi wote na ninauliza: Hilarion alikosa nini?

Jamani. Yule ni mlinzi wa msitu, mtu wa kazi kama mimi. Analeta nyama nyumbani kwa mama wa Giselle, anaheshimu mlango. Anaona mwanaume amejificha kwenye kibanda, anachunguza, anakuta upanga, analinganisha na pembe ya wawindaji, alama ni ileile. Hiyo ni kazi nzuri ya ulinzi! Anasema ukweli mbele ya watu. Malipo yake ni nini? Wanamzungusha usiku kucha na kumtupa ziwani. Aliyedanganya ndiye anaombewa msamaha kwa sababu ana kisigino kizuri.

Aliyemcheza Hilarion 2014 ni Thomas Whitehead, nimeuliza jina lake kwa sababu hakuna aliyelitaja. Anapopiga magoti kaburini, kabla Wili hawajaja, anajikuna mkono kama mtu aliyelala vibaya. Mtu aliyeshinda hakosi usingizi. Mimi nilimuona pale tu, hao wengine nyote mbaki nao.

Mwalimu Mstaafu

Mlinzi, hoja yako ni nzito kuliko unavyodhani. Kwenye muziki wenyewe, Hilarion hana wimbo wake wa mapenzi. Albrecht na Giselle wanapewa sauti zinazorudi baadaye kama kumbukumbu. Adam alikwishahukumu kabla ya jukwaa.

Lupopo Damu

Hilarion ni mchongezi. Ukweli wake ulitoka kwenye wivu. Mutu anayekuambia mke wako ana mwingine, angalia macho yake kwanza.

Mlinzi wa Usiku

Na aliyekuwa na mwingine je, uangalie nini chake? Mwizi wa majani ndiye mnampa kura!

Binti wa Ndosho

Salamu kutoka Goma. Sikuwa kwenye sale yenu, lakini hili la Hilarion na msamaha limenigusa, na sioni mtu amelileta.

Dada Masilo (Dada ni jina lake), mchezaji na mpangaji ngoma wa Afrika Kusini, alitengeneza Giselle yake mwaka 2017. Alicheza Giselle mwenyewe. Huko Myrtha ni mganga, sangoma, na anachezwa na mwanaume. Wili wamevaa rangi nyekundu, na kati yao kuna wanaume pia, kwa sababu waliovunjwa moyo siyo wanawake tu. Na Giselle wake hasamehi. Albrecht anakufa.

Masilo alifariki mwishoni mwa 2024, Johannesburg, hajafika hata miaka 40. Nimeangalia vipande vyake kwenye simu usiku, intaneti ikiwa na huruma. Magoti yamekunjwa, nyayo chini, kifua kinapiga, halafu ghafla mkono wa baleti safi kabisa. Baada ya pale, Núñez wenu na msamaha wake naona ni hadithi iliyoandikwa na wanaume wa Paris kwa faida ya wanaume wa Paris. Anacheza vizuri mno, ndiyo. Anacheza vizuri jambo ambalo mimi singelifanya.

Mwalimu wa Dansi

Binti wa Ndosho, nakubaliana kwa upande mmoja. Masilo alikuwa na haki ya kukataa, na alikataa kwa mwili mzima. Lakini Giselle wa London akisamehe vibaya, nakuambia, ni ujinga mtupu, unatamani kumrudisha kaburini. Ndiyo maana namsifu anayeufanya msamaha uaminike. Ni kazi ngumu kuliko kuua.

Mama wa Katuba

Mi ningemuua kidogo, kisha ningemusamehe.

Mshika Projekta

Mama, umemaliza uzi, lakini bado sijawaambia habari ya umeme, na ndiyo iliyonipa kura yangu.

Waliokuwepo Jumamosi ya pili wanajua. Sehemu ya pili, ile ngoma ya wawili ya polepole. Viola inaanza peke yake, siyo fidla, viola, ile yenye sauti ya mtu aliyetoka kulia. Núñez amesimama mguu mmoja, na mguu wa pili unaanza kupanda kando. Polepole. Unafika gotini, unafunguka, unaendelea kupanda. Na pale, mguu umenyooka kando kama mshale wa saa kwenye saa tatu, umeme ukakatika.

Giza. Mimi nikajua wataondoka, saa mbili na nusu usiku, baridi ile. Hakuna aliyeondoka. Nikatoka nje kuvuta kamba ya jenereta, ikagoma mara tatu, mara nne. Niliporudi ndani kuchukua tochi nikakuta duara. Mtu mmoja amewasha taa ya simu, na katikati yuko mtoto wa darasa la Mwalimu wa Dansi, mwaka wa tisa huu, sweta mbili, soksi za sufu, anajaribu kuupandisha ule mguu. Wenzake wanahesabu: moja, mbili, tatu. Alipofika nne akayumba akamwangukia Fundi. Wakacheka. Akarudi. Safari hii akaupandisha haraka, hop, mguu ukafika juu kabisa, watu wakapiga makofi.

Yeye akakasirika. Akasema: «Hapana, haraka ni rahisi. Polepole ndiyo mbaya.»

Jenereta ilipokubali, diski ikaanza tena mwanzo kabisa, nikatafuta mahali, nikazidisha, nikarudi nyuma, mwisho nikawawekea ngoma yote ya wawili tangu viola. Na safari hii sale nzima ilikuwa inahesabu kimya, midomo inacheza. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, na mguu wa Núñez bado unapanda. Kifundo cha mguu aliosimamia kinatetemeka kidogo sana, kamera iko karibu, unakiona. Uso hautetemeki. Hakuna aliyepiga mluzi.

Mruko wa Osipova nitausimulia mpaka uzeeni, Kijana wa Ruashi, usifikiri naudharau. Lakini mruko nilikuwa nauangalia kutoka nje. Ule mguu tuliupandisha pamoja.

Kijana wa Ruashi

Sawa. Hiyo ya jenereta nilikuwepo na nilihesabu na mimi. Sibadilishi kura, ila natoa neno «karanga» nililosema kwa kejeli.

Fundi Cherehani wa Kenya

Na yule mtoto ana kisigino kigumu, bado naumwa paja.

Mlinzi wa Usiku

Jumamosi ijayo mnaonyesha nini? Niko mapumziko. Kama ni ya mlinzi kutupwa majini tena niambieni mapema nilale.

Mwalimu wa Dansi

Watoto wameomba sehemu ya pili ya Osipova tena, ile ya kuzunguka kama pia, ili waipime na ya Núñez. Kisha vipande vya Masilo, Binti wa Ndosho akinielekeza pa kuvipata vilivyo safi. Saa kumi na mbili. Leteni majaketi, na mwenye jenereta inayotii aje nayo.

Mama wa Katuba

Nitakuya. Lakini Mwalimu Mstaafu, mi niko na swali moja tu haijanitoka. Asubuhi ilifika, bapepo balienda, Giselle alirudi kwa kaburi, bwana alibakia pale na maua. Kisha? Alioa ule mwanamuke mwengine ao hapana?

Mwalimu Mstaafu

Mama, mpango wa Wright haumjibu mtu, unamwacha Albrecht peke yake. Lakini mwaka 1841 ilikuwa wazi. Bathilde anafika msituni alfajiri, na Giselle, akiwa anazama ardhini, anamwonyesha Albrecht kwa mkono: nenda kwake. Siku hizi sehemu hiyo karibu wote wameikata.

Mama wa Katuba

Njo niliwaambia. Mwizi wa majani.